Mistari Miwili ya Marijani

Mnazi ukichoka na kuti lake huliangusha lote, shina likabaki laini. Mchikichi si hivyo. Kuti la mchikichi hata likikatwa, gutu lake hubaki limeng'ang'ania shinani miaka nenda miaka rudi, gutu juu ya gutu, mpaka mti unaonekana kama umevaa magamba. Ndani ya magutu hayo hukaa mijusi na vumbi na mbegu zilizoletwa na ndege, na wakati mwingine nyoka. Sie watu wa pwani hatukuwa na shida nayo. Mkwezi aliyakanyaga kama ngazi. Yakioza na kuanguka yenyewe tuliyaokota tukapikia. Sikuwahi kuona mtu akihangaika kuyabandua.

Mume wangu, Marijani, alikuwa na kazi nyingine nayo. Yeye na kaka yake Mwinjuma walipanda michikichi pamoja katika bonde la Tandale, kando ya mfereji, zamani hizo Tandale ikiwa mpunga na mihogo na vyura tu. Waliipanda bila mpangilio, mmoja wa huyu, mmoja wa yule, kwa sababu wakati huo walikuwa wakila sahani moja. Miti ilipoanza kuzaa, Marijani alipasha chuma moto, akachoma mistari miwili kwenye gutu moja la kila mti wake, usawa wa kifua, upande unaotazama mfereji. Mwinjuma hakuweka alama.

"Isiyo na mistari ndiyo yangu," alisema. "Nijisumbue na moto wa nini?"

Wakacheka wote wawili. Nilikuwepo, nimewapelekea uji.

Gutu lenye alama likianza kuoza, Marijani alichoma alama mpya kwenye gutu la jirani yake. Nilikuwa nikimtania, "Unaichanja chale miti kama mganga." Naye akanijibu, "Mie nikiondoka, hutakuwa na wa kumuuliza. Utatazama tu."

Aliondoka mwaka wa hamsini na moja, kwa homa. Aliniacha na Tabu, aliyekuwa ameng'oka meno ya mbele, na Nassibu, aliyekuwa bado ananyonya. Nikaingia eda. Kwa wasiojua, mjane kwetu hukaa ndani kwa muda uliowekwa, hatoki, hajipambi, wala hakutani na mwanamume asiye wa kwao. Nilikaa katika chumba cha nyuma cha nyumba ya baba mkwe wangu, ambayo baada yake ilikuwa ya mwanawe mkubwa, yaani Mwinjuma. Kila ukuta nilioutazama ulikuwa wake.

Nikiwa humo ndani ndipo habari ilipofika. Jumbe alipita akitangaza kwamba bonde litapimwa, likatwe viwanja vya nyumba kwa mistari iliyonyooka kama ile ya mjini. Mwenye miti yake ya kudumu pale bondeni atapewa kiwanja hapo hapo, kwa jina lake. Asiye na mti ataondoka.

Nyumba haikuwa yangu. Mpunga huvunwa ukaisha. Nilichokuwa nacho duniani, mie na wanangu, ilikuwa ile mistari miwili.

Sikuogopa. Nilijua iko wapi.

Jirani zetu wa upande wa pili wa ua walikuwa watu wa Bukoba. Mume aliitwa Kamugisha, karani katika ghala moja la katani mjini, mtu mwembamba mwenye baiskeli iliyong'arishwa mpaka kwenye njiti za magurudumu. Mkewe aliitwa Kokushubila. Walikuwa Wakristo, wenye mtoto mmoja, Revelian. Nataka nieleze wema wao kwanza, maana mambo yaliyofuata yanaweza kumfanya mtu asiuone.

Siku ya tatu ya msiba Kokushubila alikwenda sokoni akanunua sufuria mpya. Alinionyesha mlangoni kabla hajaitia chochote. "Tazama, mwenzangu. Haijapikiwa kitu. Hii ni ya chakula chako tu, ule bila wasiwasi." Akanipikia ndani ya sufuria hiyo muda wote niliokuwa eda, na ya kwake akaiweka mbali. Hakuna aliyemwagiza. Mke wa shemeji yangu, tuliyekuwa chini ya paa moja, hakuwahi kuniuliza kama nimekula.

Kamugisha alipopata habari ya viwanja alikuja nyuma ya chumba changu akasimama nje ya ukuta wa makuti.

"Hodi, Mama Tabu. Sisogei zaidi ya hapa."

"Karibu hapo hapo ulipo, Baba Revelian. Kiti chako ni hicho kivuli."

Akacheka. "Nimesikia mambo ya ukaguzi. Miti yako haina mtu wa kuitunza sasa. Niruhusu niitengeneze, wakubwa wakija waone ina mwenyewe."

"Mungu akulipe. Lakini kazi ya ghalani itakuachia nafasi?"

"Nina Jumamosi mchana, na jioni ni zangu. Niambie tu ni ipi."

Nilikuwa ndani. Singeweza kutoka nikamwonyesha kwa kidole. Nikamwambia amuulize shemeji yangu, Mwinjuma, yeye anaijua. Kwa desturi yetu hilo ndilo neno la heshima: mume hayupo, kaka yake ndiye mkubwa wa nyumba.

Kutunza mchikichi, kwetu, ni kukata makuti makavu, kutoa mashada yaliyooza na kupalilia shinani. Niliwaza hayo. Lakini Kamugisha alikuwa mtu wa migomba. Kokushubila alinieleza baadaye, wakati maelezo hayakuwa na faida tena. Kwao mgomba huvuliwa maganda yake yaliyokauka, moja moja, mpaka shina linang'aa. Mgomba uliovaa maganda makavu ni aibu ya nyumba nzima. Wageni wakipita huuliza, hapa kuna mgonjwa? Kuna msiba? Basi Kamugisha alipofika bondeni akaitazama michikichi na magutu yake ya miaka mingi, aliona miti ya mjane isiyo na wa kuivua.

Nilisikia kazi ilivyoanza. Ko, ko, ko, kisha kimya, kisha kitu kinaanguka kwenye majani. Kokushubila aliniletea uji akasema kwa furaha, "Mume wangu anaivua nguo miti yako. Waitu, utaipenda!"

Waitu ni neno lao la kumheshimu mtu. Nililipenda.

"Asije akaiacha uchi," nikamwambia, tukacheka. Nilidhani ni makuti makavu.

Siku iliyofuata Mwinjuma alipiga hodi mlangoni kwangu. Hakuwa amefanya hivyo tangu mazishi.

"Shemeji, jirani yako ni mtu wa maana. Nimemkuta anahangaika na panga butu, nikampa shoka langu."

"Ahsante, shemeji."

"Nimemwambia aifanye yote, asibague. Yako na yangu. Bonde lipendeze."

Sauti yake ilikuwa ya upole. Mlango ulipofungwa nililia, nikamshukuru Mungu kwamba kifo cha mdogo wake kimemlainisha. Jioni hiyo nilimwombea dua Mwinjuma kwa jina lake. Sijui dua ile ilikwenda wapi.

Kazi ilichukua wiki nyingi. Magutu yaliyobanduliwa Kamugisha aliyafunga nyuma ya baiskeli akayaleta nyumbani, na Kokushubila akayapanga kando ya jiko lake. Yalikuwa makavu, yana mafuta, yanawaka bila kupulizwa. "Tangu nije pwani sijapata kuni kama hizi," alisema. Uji wangu ulikuja wa moto kila asubuhi.

Eda ikaisha. Nilioga, nikavaa nguo niliyoletewa na shangazi yangu wa Temeke, nikambeba Nassibu mgongoni, nikamshika Tabu mkono, nikaenda bondeni. Ilikuwa Jumamosi. Kamugisha alikuwa ameshafika, amesimama kando ya mfereji amevaa shati jeupe, mikono nyuma kama mwanafunzi anayesubiri kusikia amefaulu.

Michikichi yote ilikuwa imesimama laini. Toka chini mpaka mahali mkono wa mtu mwenye ngazi unapofika hapakuwa na gutu hata moja. Mashina yalikuwa ya rangi ya hudhurungi, yamekwanguliwa vizuri, yote sawasawa, kama nguzo za nyumba moja. Mtu asiyejua angesema ni pazuri. Na palikuwa pazuri.

Nilikwenda kwenye mti wa kwanza nikatazama usawa wa kifua, upande wa mfereji. Nikaenda wa pili. Tabu akaniuliza, "Mama, unatafuta nini?"

"Sasa ni miti ya watu!" Kamugisha alisema. "Unaonaje, Mama Tabu?"

Nikamtazama mikono. Kidole gumba kilikuwa kimefungwa kitambaa, na viganja vyake vya karani vilikuwa vimeota sugu. Miguuni alikuwa na makovu mapya, maana kuti la mchikichi lina miiba. Mtu huyu alikuwa amerudi toka ghalani kila jioni, amechoka, akaja hapa.

"Ahsante, Baba Revelian," nikasema. "Umefanya kazi kubwa."

Kisha nikarudi nikamuuliza Kokushubila yako wapi magutu.

"Tumepikia," akasema. "Na wewe si umekula, mwenzangu!" Akaniona uso, akamwita mama kwa lugha ya kwao. "Mawe! Kuna nini?"

Nilipomweleza alikaa chini pale pale penye majivu.

Jumbe aliketi kusikiliza madai yetu barazani kwake. Alikuwa mgeni kwetu, ametolewa Kipawa akapewa sehemu yetu mwaka ule ule, kwa hiyo hakumjua Marijani wala baba yake. Pembeni yake alikaa Mzungu mmoja wa kupima ardhi, kofia yake juu ya goti. Alikuwa akisubiri tumalize.

Mwinjuma alisimama kwanza. Hakupiga kelele.

"Bwana Jumbe, watu wote wa bonde wanajua makubaliano yetu na marehemu. Miti ya ndugu yangu ilikuwa na mistari miwili. Isiyo na mistari ni yangu. Sina maneno mengi. Nendeni mkatazame."

Mtu mmoja nyuma akacheka. Jumbe akamkazia macho, naye akakohoa.

"Kuna mwenye kujua mti upi ulikuwa na mistari?" Jumbe akauliza.

Mzee wetu mmoja wa bondeni, Mzee Tambaza, akasema, "Marijani alikuwa na miti, hilo hata kipofu analijua. Ila upi ni upi, mie nitaapaje? Nilikuwa napita na mambo yangu. Nani hutazama magutu ya mwenzake?"

"Mama, wewe?"

Nikasema naijua, nikaanza kuitaja mmoja mmoja, wa karibu na daraja la mti, uliopinda, ule wenye kichuguu. Jumbe alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Lakini wewe ndiye unayedai, mama. Na yeye anaweza kuitaja vile vile."

"Hiyo hiyo," Mwinjuma akasema. "Uliopinda niliupinda mie mwenyewe, niliufungia ng'ombe."

"Ng'ombe gani?" nikamuuliza. "Ng'ombe umewahi kumpata lini, shemeji?"

Watu wakacheka tena, safari hii kwa ajili yangu, na kwa muda mfupi nilidhani mambo yatageuka.

Ndipo Jumbe akamwita Kamugisha.

Alikuja na kofia mkononi. Alikuwa hajalala, mkewe aliniambia. Nilimtazama nikawaza: huyu ndiye aliyeishika kila shina. Akisema aliona mistari, imekwisha. Neno moja tu, "Niliona," na hata si lazima liwe la hakika. Nadhani kila mtu pale barazani aliwaza hivyo hivyo.

"Wewe ndiye uliyeisafisha michikichi?"

"Ndiyo, bwana."

"Uliona alama kwenye magutu?"

Alinitazama, akautazama mkono wake wenye kitambaa.

"Sikuziona, bwana. Yalikuwa na vumbi na kuvu. Sikujua kwamba kuna kitu cha kutazama."

"Nani alikuonyesha miti ya kusafisha?"

"Mzee Mwinjuma."

"Shoka lilikuwa la nani?"

"La Mzee Mwinjuma." Akaharakisha, "Lakini mie nilikwenda kwa ajili ya Mama Tabu! Nilimuahidi yeye."

"Na nani alikuamuru usafishe miti yote?"

"Mzee Mwinjuma, bwana. Alisema nisibague."

Huko kwetu mwenye mti ni yule anayemtuma mtu kuupanda na kuukata, na karani mwaminifu alikuwa amekwisha kusema ni nani aliyemtuma na kwa shoka la nani.

Wakati huo Kokushubila akaingia mbio, kanga imemteleza mabegani, ameshika kitu kifuani. Lilikuwa gutu. Revelian alikuwa akilikalia jikoni kama kigoda, ndiyo maana halikuwa limetiwa motoni. Alilifuta kwa kanga mbele ya watu wote, na ile mistari miwili ikaonekana, myeusi, imenyooka, kazi ya mkono wa Marijani. Nilikuwa sijauona mkono wake tangu tumzike.

"Hii hapa!" alisema. "Bwana Jumbe, hii hapa, mwaka huu huu imetoka huko!"

Jumbe alilipokea. Si mtu mbaya, na sitamsingizia. Aliligeuza, akapitisha kidole kwenye mistari, akampa Mzungu naye akaligeuza.

"Limetoka mti gani?" akauliza.

Kokushubila akamtazama mumewe. Kamugisha akafumba macho.

"Sijui, bwana," akasema. "Nilikuwa nikiyafunga pamoja."

Jumbe akanirudishia mie lile gutu kwa mikono miwili, kwa adabu, kama mtu anayetoa rambirambi.

Kiwanja kiliandikwa kwa Mwinjuma. Nje ya baraza alinifuata.

"Shemeji, watoto wa ndugu yangu hawatalala nje. Nitakujengea chumba cha uani. Utamsaidia mke wangu jikoni."

"Na mistari miwili utaichora mlangoni?" nikamuuliza.

Akatazama pembeni. "Mie sikushika shoka," akasema.

Hilo lilikuwa kweli.

Nilihamia Temeke kwa shangazi yangu, aliyenipa kitanda chake akalala mkekani akisema mgongo wake unapenda chini. Nilisuka ukili, nikauza vitumbua, wanangu wakakua. Michikichi yenyewe ilikatwa mwaka uliofuata, yote, ili nyumba zijengwe. Nilipopata habari nilihisi nafuu, halafu nikaona haya kwa kuhisi hivyo.

Kamugisha alikuja Temeke mara moja, mwaka ule wa baraza, mwishoni mwa mvua za vuli. Alikuwa amepakia mkungu wa ndizi kwenye baiskeli, toka upande wa pili wa mji, katika jua lile. Alikaa barazani, hakugusa maji niliyompa.

"Mama Tabu, sipati usingizi. Nataka nikuulize jambo, unijibu kweli."

"Uliza."

"Siku ile. Ulitaka niseme kwamba niliziona?"

Nassibu alikuwa amelala mapajani mwangu. Upande wa ndani shangazi alikuwa akikohoa kwenye mkeka wake. Nilimtazama mtu huyu ambaye mkewe alininunulia sufuria mpya, ambaye hajawahi kumwambia mtu uongo maishani mwake, na ambaye angerudi sasa na baiskeli mpaka Tandale akiwa na jibu langu, alale nalo kila siku.

"Hapana, Baba Revelian," nikamwambia. "Ungesema uongo mbele ya Mungu kwa ajili ya miti? Mie nisingetaka hivyo."

Alifuta uso. Akanywa maji, yote, akaomba mengine. Alipoondoka alikuwa akiendesha wima, kama mtu aliyeshushiwa mzigo.

Nilikaa pale mpaka akapotea njiani. Kisha nikaingia jikoni kumenya ndizi zake. Kuni zilikuwa zimelowa mvua ya usiku, hazishiki. Lile gutu lilikuwa kwenye pembe, nimelifunika kitambaa tangu siku ya baraza. Nikaitazama mistari yake kidogo. Nikalitia chini ya chungu.

Lilikuwa kavu. Liliwaka bila kupulizwa.